Za Nini?

Siku tuliyomzika baba, kabla jeneza halijatoka nyumbani, kaka yangu mkubwa alisimama barazani akasema maneno ambayo kwetu pwani husemwa kwenye kila msiba. Marehemu alikuwa binadamu. Kama yupo anayemdai asione haya, aje kwetu watoto wake. Na kama alimkosea mtu, tunamwombea radhi. Sisi wanawake tulikuwa ndani, na mimi nilijisemea moyoni: nani atamdai mzee huyu? Mtu aliyeazima nyundo asubuhi akairudisha kabla ya adhuhuri, na misumari miwili iliyobaki juu yake?

Tulimzika Alhamisi. Ijumaa, baada ya swala, akaja mama anayeuza vitumbua kwenye kona ya barabara yetu, Ngamiani, hapa Tanga. Akakaa mkekani, akalia kidogo, akapewa chai akanywa, kisha akaniinamia sikioni. "Mwanangu, mimi namdai mzee shilingi elfu mbili."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanihesabia kwa vidole: vitumbua vinne kila alfajiri, kimoja shilingi mia. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, na Jumatano ile ile aliyofia, maana alivila kabla ya mauti kumkuta adhuhuri. Siku tano kwa mia nne. Hesabu ilikuwa sawa.

Mama yangu aliposikia akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. Yeye alikuwa anajua. Miaka mingi nyuma yule mama alimwomba baba asimlipe kila siku. Mia nne ya kila siku huliwa: chumvi, kiberiti, mtoto kataka ubuyu, imekwisha. Lakini akilipwa Ijumaa kwa mpigo, elfu mbili na mia nane nzima, huipeleka kwenye mchezo wao wa akina mama, na zamu yake ikifika anapata hela ya maana. Basi baba, aliyechukia deni kama wengine wanavyochukia nyoka, alikubali kuwa mdaiwa wa kudumu wa muuza vitumbua ili mwenzake aweke akiba.

Baba alifariki mwaka 2014. Nimejaribu mara nyingi kueleza ukarimu wa baba kwa watu wasiomjua, na kila mara nasikika kama ninayesoma risala ya msiba. Alikuwa mkarimu, alikuwa mchapakazi, aliipenda familia. Haya husemwa hata kwa watu waliokuwa mabahili. Deni la vitumbua linaeleza vizuri zaidi. Baba hakuwa mtu wa kugawa hela ovyo, na hela zenyewe hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa jinsi hela inavyomtoroka mtu mwenye kidogo, na ujuzi huo aliutumia bure kwa yeyote aliyepiga hodi.

Alizaliwa mwaka 1944 na akaingia benki akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, karani wa kujaza leja. Miaka ile benki nyingi za hapa zilikuwa za wageni, na karani Mwafrika alikaa nyuma kabisa, mbali na dirisha. Halafu likaja Azimio la Arusha, Jumapili ya tarehe 5 Februari 1967, na kesho yake tu ikatangazwa kwamba benki zimetaifishwa. Ndipo ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Baba alipenda kutusimulia wiki zile. Wakubwa wengi wa kigeni wakafunga virago, na vijana waliokuwa wakinakili tarakimu wakajikuta wanatakiwa kujua tarakimu hizo zinatoka wapi na zinakwenda wapi. "Tulisomea kazini," alikuwa akisema, "na usiku tulisomea nyumbani, kwa kibatari." Ndani ya muda mfupi akawa keshia, dirishani, na jina la Keshia likamganda mtaani hadi kaburini.

Tanga ya wakati huo ilikuwa bado mji wa mkonge. Mapema miaka ya sitini nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka huku. Mwisho wa mwezi makarani wa mashamba walikuja benki kuchukua mishahara ya wakataji, watu waliolipwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi inayotiwa alama kila mtu anapomaliza ngwe yake. Hela ya kipande haiji kwa noti kubwa. Kila bahasha ya mshahara ina senti zake, kwa hiyo siku mbili kabla baba alikaa na orodha akichanganua: noti ngapi za kumi, ngapi za tano, shilingi ngapi, thumuni ngapi. Akikosea mchanganuo, huko shambani mtu atabaki anadai senti hamsini na mwenzake kazidishiwa, na ugomvi utaanzia hapo. Alijivunia kwamba aliweza kunyanyua mfuko wa sarafu na kukuambia umepungua. Sijui kama ni kweli. Sisi tuliamini.

Baadaye nyuzi za plastiki zikaua soko, mashamba yakaota magugu, na kufikia miaka ya tisini nchi nzima haikuwa ikifikisha hata tani 50,000. Lakini hayo ni ya wachumi.

Nyumbani alitufundisha kuhesabu noti kabla hatujamaliza jedwali la kuzidisha. Bunda linakaa mkono wa kushoto, gumba la kulia linasukuma, macho yanatazama pembe, siyo katikati. Usilambe kidole, tumia sponji. Na noti zote zielekee upande mmoja. Enzi hizo sura iliyokuwa kwenye noti ni ya Mwalimu Nyerere, na kumkuta Mwalimu kasimama kwa kichwa katikati ya bunda kulimkera baba kuliko mwandiko wetu mbaya. "Huyu ni mzee wako," alimwambia kaka, "mgeuze akae vizuri." Ukimaliza unazungushia utepe wa karatasi na kutia sahihi yako juu yake. Sahihi ile ndiyo ahadi. Bunda likikutwa pungufu, wewe ndiye utakayeulizwa.

Kuna jioni hakurudi mpaka saa nne usiku. Hesabu ilikuwa haifungi. Keshia hawezi kwenda nyumbani hela ya mkononi ikitofautiana na leja, hata kwa shilingi moja, hata ikiwa ya ziada. Ziada ilimtia hofu zaidi ya upungufu. Upungufu utaulipa kwenye mshahara wako, yakaisha, lakini ziada maana yake yupo mtu huko nje aliyeondoka na kidogo kuliko haki yake, na humjui.

Sasa nifike kwenye kabati.

Chumbani kwa wazazi wangu kulikuwa na kabati la mvule lenye kufuli mbili. Benki, kasha kuu hufunguliwa kwa funguo mbili zinazoshikwa na watu wawili tofauti, ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kuingia peke yake. Baba akauleta utaratibu ule nyumbani. Ufunguo mmoja wake, wa pili wa mama. Ndani ya kabati kulikuwa na bahasha za kaki, kila moja na jina, tarehe na kiasi, kwa mwandiko wake uliolala kulia. Hela zile hazikuwa zetu. Zilikuwa za wapagazi wa bandarini, wavuvi wa mwalo wa Deep Sea, akina mama wa sokoni, mjane wa barabara ya tano. Watu ambao mlango wa benki uliwatisha: askari getini, fomu, sahihi, na foleni ya watu waliovaa viatu.

Alikuwa akiita amana, neno zito kwa Mwislamu. Amana huitumii, hata kwa kuazima saa moja. Haichanganywi na yako. Huirudishi kwa mtu mwingine ila mwenyewe au warithi wake. Lakini alikuwa na jambo lake moja aliloliongeza. Ukija kuchukua hela yako, kabla hajamwita mama alete ufunguo wake, alikuuliza: "Za nini?"

Hakuwahi kumkatalia mtu. Hela ni yako, hata ukisema unakwenda kuzitupa baharini atakupa. Ila swali ilikuwa lazima ulijibu kwa kinywa chako, ukimtazama, na mama kasimama pale na ufunguo mkononi. Mpagazi mmoja alikuja usiku, pombe kichwani, anataka hela zake zote. Za nini? Akakaa kwenye ngazi ya baraza muda mrefu, hasemi kitu. Kisha akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Mtu huyu alinisimulia mwenyewe, kwenye matanga, huku akicheka na machozi yakimtoka. "Baba yako alikuwa hanipi jibu. Ananiachia swali tu."

Na sisi watoto tulikuwa na bahasha zetu, za hela za sikukuu. Nilikuwa na miaka kumi nilipomdanganya kuwa nataka hela ya daftari, kumbe ni ya sinema. Akanipa bila neno. Mwisho wa mwezi aliponisomea hesabu yangu, nikaona ameandika: *daftari (la kuchekesha, saa mbili)*.

Usidhani alikuwa mtakatifu, na usidhani ukarimu huu haukuwa na wa kuulipia. Tuliulipia sisi, na zaidi mama.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini bidhaa ziliadimika. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, bati na saruji kwa kibali. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Sokoine, na watu wenye hela nyingi wakawa wanaogopa hela zao wenyewe. Usiku mmoja mfanyabiashara akaja kwetu na mfuko wa rambo uliofura, anaomba awekewe. Baba hakuuliza kiasi. Alimwambia kabati limejaa. Mtu yule akamtazama, akaelewa, akaondoka. Mimi nililiona kabati siku ile, na nafasi ilikuwepo tele.

Lakini kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mwanamke, aliyekuwa akileta kidogo kidogo hela ya kuezekea. Kufikia 1985 alikuwa ametimiza bei ya bati kumi na mbili. Bati hazikuwepo. Akaenda Dar es Salaam kumuuguza binti yake, akakaa huko, na aliporudi ilikuwa 1989. Katikati hapo shilingi yetu ilikuwa imeanguka vibaya. Dola ambayo mwaka 1985 ilikuwa chini ya shilingi 20, mwaka 1990 ilikaribia shilingi 200. Hela yake ilikuwa imekaa salama kabatini, kila noti imeelekea upande wake, na sasa haikutosha bati tatu kamili.

Kisheria na kidini baba alikuwa amemaliza kazi. Amana imerudi kama ilivyowekwa. Yule mama mwenyewe alishukuru, akafunga hela kwenye upindo wa kanga, akaaga. Baba hakulala. Baada ya siku tatu akachukua hela tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kuezeka jiko letu, akanunua bati tisa, akazipeleka kwa mkokoteni.

Mama alinyamaza mpaka mkokoteni ulipokata kona. Ndipo akasema, "Bwana Keshia, na jiko langu mimi, lenyewe si amana?"

Sijawahi kumwona baba kakosa jawabu namna ile. Tulipika chini ya makuti yanayovuja masika mawili zaidi, na kila mvua ilipoanza mama alikuwa akipaza sauti kidogo tu, ya kumtosha yeye asikie: "Za nini? Za bati za watu." Mpaka leo naona mama alikuwa na haki. Naona pia kwamba baba asingeweza kufanya vingine, na sijui niyaweke wapi mambo hayo mawili. Nilichokiona ni kwamba baada ya hapo akabadilika. Mtu akileta hela ya ujenzi alimwambia isikae zaidi ya msimu mmoja. "Kanunue kitu. Hela inaoza kama samaki, tofauti ni kwamba hainuki."

Halafu kulikuwa na suala la riba. Alipokwenda kumposa mama, babu yangu, mwalimu wa madrasa, hakumuuliza ukoo wala mahari. Alimuuliza, "Mshahara wako unatoka wapi?" Swali lile liliwakabili vijana wengi wa Kiislamu walioajiriwa benki. Baba akajibu, "Nalipwa kwa kuhesabu, sheikh. Sikopeshi." Babu akakubali, kwa shingo upande, na mama anaapa kwamba kwa mwaka mzima mzee wake alipokuja kututembelea alikuja na chakula chake. Baba hakumkasirikia. Kila benki ilipomwekea faida kwenye akaunti yake, aliitoa hadi senti ya mwisho na kuipeleka kukarabati vyoo vya msikiti, bila kutia nia ya thawabu, kama wanavyuoni walivyomwelekeza. Babu alipopata habari, kwa mara ya kwanza akaomba kuongezwa wali kwetu. Mwaka 2011 ilipofunguliwa Amana Bank, benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, baba alikuwa mstaafu mzee. Alisoma gazeti, akaliweka chini, akasema, "Wamechukua jina la kabati langu."

Kustaafu kwake mwaka 1996 hakuna mengi ya kusimulia. Kiinua mgongo kilimalizia nyumba, pamoja na jiko la mama, lenye bati na dari juu. Kazi hakuiacha: alfajiri baiskeli kwenda shambani Pongwe kwenye minazi na mihogo, jioni kuwafungia hesabu wenye maduka wawili watatu kwa ujira mdogo, na Jumamosi mweka hazina wa Saccos ya mtaa. Watoto sita tulisoma kwa baiskeli ile. Kumkumbatia mtoto hakujua. Alijua kukulipia ada siku tatu kabla ya tarehe.

Mwaka 2008 M-Pesa ilipoingia Tanzania, mimi nilidhani kabati limefikia mwisho. Nilimwambia kwa furaha, baba, pumzika sasa, kila mtu anaweza kuweka hela kwenye simu. Na kweli bahasha zilipungua. Lakini hazikuisha. Kuna waliorudi. Nikamuuliza dada mmoja wa sokoni kwa nini analeta hela kwa mzee wa miaka sabini kasoro ilhali ana simu mkononi. Akaniambia, "Simu haina haya, dada. Saa sita usiku naitoa, hainiulizi kitu."

Nimefanya kazi ya fedha mimi pia, ya ofisini, na nimeketi kwenye semina nyingi ambako wataalamu wanatafuta njia ya kuwafanya watu wa kipato kidogo waweke akiba. Sijawahi kusikia jibu lililompita dada yule.

Baba alipofariki, kaka aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, lakini kabla ya mirathi tulifungua kabati. Amana siyo mali ya marehemu, hairithiwi. Mama akatoa ufunguo wake kwenye ncha ya kanga, mimi nikatoa wa baba kwenye pochi yake. Bahasha kumi na moja. Tisa wenyewe walikuja au tuliwafuata. Moja mwenyewe alikuwa ametangulia, tukawapa wanawe. Ikabaki moja, imeandikwa *Machungwa, Muheza*, shilingi 46,000, noti za elfu moja moja, bila jina. Tulikwenda Muheza mara mbili, tukauliza sokoni kwa wauza machungwa, na kila muuza machungwa akatutazama kama watu waliopotea. Kaka akashauri itolewe sadaka kwa niaba ya mwenyewe. Mama akakataa. "Hajafa mpaka tuambiwe."

Kwa hiyo ikakaa. Kisha Benki Kuu ikatangaza kwamba noti za zamani, zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010, zitabadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na baada ya hapo hazitakuwa fedha halali. Za kwenye bahasha zilikuwa za 2003. Mama alinipigia simu usiku. "Hela ya watu inataka kuwa karatasi."

Nilienda mwezi Machi. Foleni ilikuwa ndefu, wengi wazee, wengine na noti zilizonuka nondo na moshi wa jikoni. Keshia alikuwa binti mdogo, mchangamfu. Akazitumbukiza kwenye mashine, ikavuma, ikaandika 46. Akanipa mpya, ikavuma tena, akanisukumia. Nikaanza kuzihesabu palepale dirishani, kushoto bunda, kulia gumba. Zilikuwa mchanganyiko, nusu ya Mwalimu wote kichwa chini. Nikawa namgeuza mmoja mmoja.

"Mama, si zipo sawa?" akauliza kijana aliyekuwa nyuma yangu.

"Zipo," nikamwambia, nikaendelea kugeuza.

Nyumbani tulifungua kufuli zote mbili. Bahasha ni ile ile ya kaki. Chini ya mwandiko wa baba niliandika: *Zimebadilishwa, Machi 2025. Zimo zote.* Nikatia sahihi, nikampa mama kalamu naye atie yake.